Usitume Gari

Ruring'u, Nyeri
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Simiyu,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako likiwa limetulia, na wifi Apondi amepona kile kikohozi kilichokuwa kikimkatiza kila alipotaka kunisalimia kwenye simu. Watoto na wajukuu nawatakia heri. Mimi ni mzima wa kutosha. Hayo maneno mawili ya mwisho nimeyaweka makusudi na utayaelewa kabla hujaikunja karatasi hii. Huku mvua imeanza, mlima umejifunika wiki nzima, na kuku wa jirani wameamua kuishi kwenye baraza langu bila kuniuliza.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Niliusikiliza kwanza kama dada, kisha nikausikiliza tena kama mwandishi wa habari, nikitenga unayoyajua na uliyoambiwa. Ulisema familia imekaa kikao. Ulisema mwanamke wa miaka hamsini na saba juu ya pikipiki ni kichekesho, na huko Kimilili watu wanakuuliza kama dadako amekuwa boda boda. Ulisema kwamba kabla ya ibada ya kumkumbuka Mama mwezi ujao utatuma gari linichukue mimi na vyombo vyangu, nisirudi tena huku, na kwamba pikipiki yangu tayari umeipatia mnunuzi. Hukuuliza. Ulitangaza, kama ulivyotangaza kwenye gwaride la asubuhi miaka yote uliyokuwa mwalimu mkuu.

Jibu langu naliweka hapa juu, mahali tunapoweka habari kubwa. Pikipiki haiuzwi, na gari lisije. Yaliyobaki ni maelezo, nami nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu wewe humkatiza mtu akiwa katikati ya sentensi.

Nianze na Mutuku, kwa kuwa najua habari zote zimetoka kwake. Mutuku ni mtu mzuri. Alikuwa polisi pamoja na Baba hapa Kiganjo akiwa kijana, ametustahi siku zote, na sasa amestaafu akiwa na duka lake la mchele kule Wang'uru. Mlikutana kwenye mazishi juzi, akakuambia kwamba wakati wa mvua za Aprili alinikuta mbele ya ghala la mchele nimesimamisha pikipiki, nikiwauliza wauzaji njia ya kwenda Nyeri. Akakuambia kwamba wale wauzaji walicheka, mmoja akisema, "Ati Nyeri? Mama, umekunywa nini, na chupa ngapi?" Akakuambia pia kwamba aliona haya kwa niaba ya Baba.

Nathibitisha sehemu kubwa. Nilikuwa Wang'uru. Niliuliza njia. Mwanamke aliyeuliza nimekunywa nini alikuwa na kofia ya manjano na alikuwa mchekeshaji kwelikweli. Mume wake alipomwambia aninyamazie akamjibu kwamba yeye ndiye angenywa kama angekuwa na pikipiki ya kumtorokea. Lakini sikuwa nimelewa, na Mutuku angejua hilo kama angenusa badala ya kuona haya. Nilitoka Sagana nikielekea nyumbani, nikakata kulia badala ya kwenda mbele, nikafika kwenye mashamba ya mpunga. Nilikosea njia. Kwa sasa tuliache hapo. Nitalirudia, na sitalikwepa.

Baada ya hapo niliamua kununua kifaa cha kuonyesha njia, kile watu wanachokiita GPS. Umesema kwenye ujumbe wako kwamba nimeanza kununua vitu vya kuchezea vya vijana. Kwa hiyo nitakueleza nilivyokitafuta, ili angalau unilaumu kwa jambo unalolijua.

Utauliza, kama kila mtu alivyouliza, kwa nini simu haitoshi. Nilianza na simu. Nilinunua kishikio cha plastiki pale mjini, kile chenye mfuko wa kuzuia maji, nikakifunga kwenye usukani. Barabara ya Mweiga ilikuwa sawa. Nilipoingia kwenye udongo, mtikisiko ukaanza kuila kamera ya simu, na kamera hiyo ndiyo inayonilisha. Kisha mvua ikaja. Tone la maji kwenye kioo cha simu ni sawa na kidole. Simu ikaanza kujibonyeza yenyewe. Ikampigia Gicheru, mhariri wangu, naye akasikiliza injini na mimi nikiimba nyimbo za kanisa mpaka salio likaisha. Siku iliyofuata aliniuliza mbele ya ofisi nzima kama ule ubeti wa tatu ulikuwa taarifa ama maoni. Nikatoa simu kwenye usukani. Zaidi ya hayo, huko kwenye mabonde ninakofanya kazi mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, na ramani inayotegemea mtandao hukuacha hapo unapoihitaji.

Nikaenda Nanyuki. Kuna mfanyabiashara pale anayeitwa Kingori, ana kibanda nyuma ya soko kilichojaa mahema, viatu vya kupandia mlima, darubini na taa za kichwani, vitu ambavyo wageni huviuza wanapomaliza safari zao badala ya kulipia mzigo kwenye ndege. Kingori huongea kuliko redio. Kwake kila kitu ni kipya na kila mteja ni ndugu. Alinitolea kifaa kidogo cha gari, cha kubandika kwenye kioo cha mbele, akaapa kwamba kinajua Kenya kuliko chifu. Nilimwambia pikipiki haina kioo cha mbele. Akasema tutafunga na mpira. Nilimwambia kifaa hicho hakikuumbwa kwa mvua. Akasema nitavaa koti kubwa nikifunike. Nilipokiwasha nikakuta ramani yake ni ya zamani hata barabara kuu ya kutoka Sagana kupanda huku ni ile nyembamba tuliyoijua kabla ya kupanuliwa, na kila nilipopita mzunguko mpya kilidhani niko shambani mwa mtu na kunisihi nigeuke. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke Mzungu aliyelitamka jina la Naro Moru kana kwamba ni jina la dawa. Nilikirudisha kabla hata sijakilipia chote.

Kingori hakukasirika. Akanipa kingine, kidogo kama kipande cha sabuni, cha watembea milimani. Hicho nilikipenda. Hakipitishi maji, kinatumia betri za kawaida zinazouzwa kila duka, na kikianguka unakiokota na kuendelea na safari. Bei yake ilikuwa chini ya kile cha gari. Kasoro yake ni kwamba hakina barabara. Unakipa mahali unapokwenda, nacho hukuonyesha mshale na umbali. Basi.

Nilikijaribu kwanza upande wa Laikipia, kwenda kuandika habari za wafugaji waliogombania kisima. Huko ni tambarare. Unaona unakokwenda kabla hujafika. Mshale ulisema mbele, nikaenda mbele, nikafika. Nikarudi nikimsifu Kingori njia nzima.

Wiki iliyofuata Gicheru akanituma ng'ambo ya Othaya, mahali mvua ilikuwa imebomoa daraja la miguu na watoto wakawa hawaendi shule. Wewe ulilelewa huku, Simiyu, huhitaji kuelezwa nchi hii ilivyo. Ni migongo iliyolala sambamba kama vidole, na kati ya kila mgongo na mgongo kuna mto. Mtu wa huku hakuulizi unakwenda kijiji gani. Anakuuliza mgongo gani, na umevukia wapi. Ng'ambo ni karibu kwa macho na mbali kwa gurudumu. Unaweza kumsikia mtu akimkaripia mbuzi wake ng'ambo ile, na ukitaka kumsalimia kwa mkono ukatumia asubuhi yote kutafuta daraja.

Mshale haukulijua hilo. Mshale ulikuwa wa Laikipia. Uliniambia nimebakiza chini ya nusu kilomita, nikakata kuingia kwenye njia ya majani chai, nikateremka, na nikafika ukingoni mwa mto Gura. Mbele yangu palikuwa na maji mekundu yakipiga mawe, na ng'ambo niliiona ile shule, na hata bendera yake. Wachuma chai waliokuwa juu yangu waliacha kazi. Mmoja akaniita, "Mama! Hiyo mashine yako inajua kuogelea?" Mwingine akamwambia amwache mama, huenda amekuja kubatizwa. Nikacheka nao, kwa sababu walikuwa wamesema kweli. Nilipowauliza njia ya kurudi barabarani walinielekeza kwa ukarimu, wote kwa pamoja, kila mmoja na mkono wake. Nikashukuru, nikapanda, na kwenye njia panda ya kwanza nikasimama. Nilikaa pale mpaka lori la majani likapita kwenda kiwandani. Nikalifuata lori hilo. Kiwandani nikafuata gari la wafanyakazi mpaka mjini. Habari ya daraja niliiandika kesho yake, baada ya kwenda tena nikiwa nyuma ya boda boda niliyemlipa.

Gicheru hakupenda. Aliniita, akafunga mlango, jambo ambalo halifanyi. Akasema ameona siku hizi nachelewa kurudi, na kwamba kuna meza karibu na dirisha, na kazi ya kupokea habari za wengine kwa simu na kuzinyoosha. Alisema kwa upole, kwa sababu ni mtu mpole. Alisema ni heshima kwa mtu aliyefanya kazi muda kama wangu. Nikamwambia heshima hiyo ampe mtu mwingine anayependa madirisha. Tukakubaliana anipe mpaka Krismasi. Kama mpaka hapo bado nachelewa, nitakaa mezani bila kubisha. Sasa umeelewa kwamba si wewe peke yako uliyeniandalia kiti.

Nikarudi kwa Kingori na kifaa chake. Safari hii nilikuwa nimekaa nikafikiri, kama ninavyokaa kabla ya kumhoji mwanasiasa, nini hasa ninachotaka na nini sitakubali kupewa badala yake. Nilimwambia nataka kitu kisichopitisha maji. Nataka kioo kinachosomeka jua likiwa kali na kinachoitika nikiwa na glavu. Kichukue moto wake kutoka betri ya pikipiki. Barabara zote ziwe ndani yake, bila mtandao, na ziwe za sasa. Nataka niweze kuhifadhi mahali na kupaita kwa jina nililolichagua mwenyewe, kwa sababu hakuna ramani inayojua "kwa mchinjaji aliyehama" wala "penye trekta bovu", na hayo ndiyo majina ya barabara za huku. Kisha nikamwambia mambo mawili ambayo nilikuwa tayari kuacha mengine yote kwa ajili yake. Kikumbuke njia niliyopita, kila kona, na kiweze kunirudisha kwa njia hiyo hiyo. Na kiwe na mahali pamoja pa kubonyeza, pakubwa, pa kunipeleka nyumbani.

Kingori alinitazama, akacheka. Akasema, "Mama, wewe si ni wa hapa? Hata kwako unaonyeshwa? Ukifika mlangoni kitakwambia pia ukae kiti gani?" Waliokuwa kibandani wakacheka. Nikamwambia kama anacho akitoe, kama hana anyamaze, ili nijue kama niendelee kusimama. Akakitoa.

Ni kifaa cha Kichina kilichotengenezwa kwa ajili ya pikipiki, hakina jina la maana mgongoni, na kitabu chake cha maelezo kimeandikwa na mtu aliyekuwa na haraka. Vile vyenye majina makubwa niliviuliza Nairobi. Kimoja kingenilazimu kuuza pikipiki ili nipate cha kunionyesha njia ya kwenda kwa miguu. Hiki nilikilipa kwa marupurupu ya mafuta niliyoweka akiba. Kioo chake ni kidogo kuliko kiganja. Sauti yake niliizima siku ya kwanza. Fundi wa pale Chaka alinifungia waya kutoka kwenye betri, na kishikio akakiwekea raba ya mpira wa ndani wa gurudumu ili kisitikisike. Tangu Agosti kimenyeshewa, kimepigwa na jua la Mwea, kimerukiwa na matope ya Mukurwe-ini, na bado kinafanya kazi. Kina kosa moja: kinapenda njia fupi hata kama njia fupi hiyo ni ya ng'ombe. Nimejifunza kukibishia.

Na nikuambie kilichotokea wiki mbili zilizopita. Mto ulifurika tena upande ule ule wa Othaya, daraja jipya likaenda na maji kabla hata halijazinduliwa. Waandishi wa Nairobi walikuja na magari wakakwama kwenye mgongo usio wao, wakapiga picha kutoka ng'ambo. Mimi nilikuwa nimehifadhi vivukio vyote vya mto ule, kimoja kimoja, kwa majina ninayoyaelewa, kila nilipopita huko tangu ile siku ya wachuma chai. Nilifika, nikazungumza na watu waliolibeba lile daraja mabegani kulijenga, nikarudi kwa njia niliyoijia, na habari ikawa mezani kwa Gicheru kabla wengine hawajatoka kwenye matope. Ile meza ya dirishani Gicheru ameiwekea printa.

Sasa turudi Wang'uru, kama nilivyoahidi.

Siku ile sikukosea njia kama mtu anavyokosea. Nilifika pale Sagana, mahali nimepita tangu nikiwa msichana nyuma ya Baba, na ile njia panda ikawa njia panda tu. Nilijua naitwa nani, nimetoka kumhoji nani, amesema nini neno kwa neno. Nilizijua hoteli za pale, nikakumbuka ni ipi inayouza samaki na ipi inayodanganya. Lakini havikuungana. Kila kitu kilikuwa mahali pake bila kuwa karibu na kingine. Nikachagua barabara moja kwa sababu lazima mtu achague. Kule kwenye mpunga nikauona mlima, nikautambua kama ninavyokutambua wewe, vilele vyote, theluji na yote, nao haukuniambia niko upande gani wake. Hapo ndipo nilipowauliza wauza mchele. Mutuku mwenyewe alinitangulia na gari lake mpaka Sagana, akanionyesha kwa mkono. Huenda hilo alisahau kukuambia.

Nilikwenda hospitali siku iliyofuata. Daktari anaitwa Kagwiria, mwanamke wa Meru asiye na maneno mengi, na tulielewana mara moja. Alinipiga picha ya kichwa. Ilikuwa kiharusi, kidogo sana, upande wa nyuma, kilichokuja kikaondoka na kitu kimoja tu. Alinipima macho, mikono, mizani ya mwili, wepesi wa kushtuka, kusema, kuhesabu, vyote vilikuwepo. Kisha akaniambia niende maabara, nirudi kwake. Maabara iko mlango wa nne kwenye ukumbi wake. Nikaenda. Wakanikuta jikoni.

Alinizuia kupanda pikipiki miezi mitatu, nami nikatii, nikawa nakwenda kazini kama mzigo. Akanipa dawa za presha, ninazimeza bila kukosa. Miezi ilipoisha alinipima tena, akanitoa nje na mwalimu wa udereva, nikaendesha mbele yao mpaka wakachoka kutafuta kosa. Nilimwuliza kama ule uwezo utarudi. Akasema huenda, lakini yeye si mtu wa kuuza matumaini. Nilimwuliza kama niache barabara. Akasema, "Barabara unaiona. Breki unashika. Ramani ya kichwani ndiyo imetoka. Ukiweza kupata nyingine, iweke hapo mbele yako." Nimemnukuu kama alivyosema. Na akisema nishuke, nitashuka siku hiyo hiyo. Yeye ndiye wa kuamua, Simiyu, si kikao.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini nilifuata lori la majani chai. Unajua kwa nini nilimtaka Kingori anipe kifaa cha kunirudisha nilikotoka. Ninapoandika barua hii, kutoka Ruring'u mpaka ofisini, njia niliyoipita maisha yangu yote ya kazi, naipita nikiongozwa. Gicheru nimemwambia Ijumaa iliyopita. Akauliza kama kifaa hicho kinapatikana kwa waandishi wengine, maana wao wana vichwa vizima na bado wanapotea. Nimekuambia wewe wa pili. Sijawaambia wengine, nawe usiwaambie. Sioni aibu. Ila nikiwa mgonjwa kikao kitapata sababu, na mimi sitaki kikao.

Najua utakalosema. Utasema hiyo ndiyo sababu hasa ya kurudi. Utasema nyumbani nitakuwa na watu wa kunishika mkono. Fikiri kidogo, kaka. Kitu nilichopoteza ni uwezo wa kufika mahali. Wewe unataka kunitibu kwa kunikalisha. Nikikaa kwenye kiti ulichoniwekea chini ya dirisha la wifi, sitapotea kamwe, hilo ni kweli. Hata kabati halipotei. Nyeri si ugenini kwangu. Ndipo nilipojifunza kazi, na kazi bado naifanya, na siku nikiiacha nitaiacha mwenyewe kwa miguu yangu.

Lakini kwenye ibada ya Mama nitakuja. Hilo halikuwa na swali. Nitakuja kwa pikipiki, kwa njia ya Nyahururu, nitalala Nakuru kwa Naliaka mdogo, yule mwenye jina langu, na nitafika kesho yake mchana. Mnunuzi wako mwambie anitazame nikipita.

Kuna jambo moja nakuomba, na ni gumu kuliko yote niliyoandika.

Lango la Baba nalikumbuka. Ni la bati la mapipa, alilolipigilia mwenyewe alipostaafu, akalipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye milango ya kanisa. Bawaba ya chini hulia, ya juu hailii. Kuna mahali upande wa kushoto msumari ulitoka, ndipo ulipochana suti yako ya harusi asubuhi ya harusi yenyewe, na Mama akaishona ukiwa umeivaa. Nikifumba macho naliona lote. Njia ya kulifikia sinayo. Nimejaribu kuipata kutoka Kimilili mjini, nikianzia sokoni, na baada ya soko hakuna kitu.

Ukimaliza kusoma, chukua simu yako, tembea mpaka langoni, usimame ukiwa umeligusa, kisha unitumie mahali hapo. Mwombe wifi akuonyeshe pa kubonyeza, yeye anajua. Usinitumie pale kwenye kinu cha kusagia mahindi, mahali mnapowapokelea wageni, na usimweke mtu barabarani anisubiri na kunipungia mkono. Mgeni ndiye hupokewa barabarani. Mimi ni mtoto wa lango lile, na nitafika mpaka langoni peke yangu.

Nisalimie Mutuku mkizungumza, umwambie namshukuru kwa ile siku aliyonitangulia. Nisalimie wazee, msalimie mchungaji, na wifi mwambie nitamletea mchele wa Mwea, ule wenyewe, kutoka kwa yule mama wa kofia ya manjano. Mungu akulinde wewe na goti lako.

Bawaba ya chini usiitie mafuta. Nataka nisikie nimefika.

Ni mimi dada yako,
Naliaka